Mrija Umefika Wapi? Historia ya Kuhakiki Katheta ya Vena Kuu, Ikitazamwa kutoka Ziwa Mweru

Mgonjwa mahututi anapolazwa, wahudumu hutafuta kwanza njia ya kuifikia damu yake. Kwa kawaida njia hiyo ni sindano ndogo ya mkononi inayounganishwa na dripu. Lakini mishipa ya mkono hunywea kwa mtu aliyepoteza maji mengi au aliyeshukiwa mno na shinikizo la damu, na zipo dawa kali zinazouunguza mshipa mdogo. Hapo daktari anaweza kupitisha mrija mrefu na mwembamba shingoni, chini ya mtulinga au kwenye kinena, mpaka ncha yake ifike katika vena kubwa inayorudisha damu moyoni. Mrija huo ndio katheta ya vena kuu.

Katika insha hii nafuatilia historia ya maswali mawili. La kwanza ni hili: tutajuaje kwamba mrija umefika pale ulipokusudiwa? La pili huulizwa mara chache, nalo ni kubwa zaidi: je, mgonjwa huyu aliyelazwa leo alihitaji kuwekewa mrija huo? Nimechagua kuyatazama kutoka Nchelenge, ufukwe wa Zambia wa Ziwa Mweru, ambako mgonjwa wa Kisiwa cha Kilwa huanza safari ya hospitali kwa boti, na ambako Lusaka iko mamia ya kilomita kwa barabara. Mahali kama hapo maswali haya mawili hayatenganishiki. Hoja yangu ni kwamba historia ya kuhakiki mrija imezunguka ikarudi shingoni pa mgonjwa, na kwamba Zambia yenyewe imechangia sana katika mzunguko huo.

Neno moja, mishipa miwili

Tuanze na lugha. Kiswahili cha kila siku kina neno mshipa, na neno hilo hubeba mambo mengi: njia ya damu, neva, hata ngiri. Kibemba, lugha inayosikika sana Nchelenge, kina neno la ukoo huohuo, umushipa. Vitabu vya sayansi vililazimika kutenganisha vena, inayorudisha damu moyoni, na ateri, inayoitoa moyoni. Tofauti hiyo ndiyo mtihani wa kwanza wa mwenye kushika sindano. Shingoni vena na ateri zimelala bega kwa bega, na sindano ikikosea kidogo, mrija mnene utaingizwa katika ateri inayopeleka damu kwenye ubongo.

Makosa mengine ni manne makubwa. Sindano inaweza kutoboa utando wa pafu, hewa ikajaa kifuani na pafu likasinyaa. Mrija unaweza kupanda juu kuelekea kichwani badala ya kushuka. Unaweza kuvuka na kuingia vena ya upande wa pili. Na unaweza kupita kiasi, ncha ikaingia ndani ya moyo na kuusugua ukuta wake mpaka ukatoboka. Kila kosa kati ya haya linaweza kuua, na mengi hayaonekani kwa macho matupu. Ndiyo maana historia ya katheta hii haiwezi kutengwa na historia ya namna ya kuihakiki.

Kutoka farasi wa Hales hadi mkono wa Forssmann

Mwingereza Stephen Hales alichapisha mwaka 1733 majaribio aliyoyafanya kwa farasi. Alifunga bomba la kioo kwenye ateri, akaona damu ikipanda zaidi ya mita 2. Alipolifunga kwenye vena ya shingo, damu ilipanda kidogo tu. Hales hakuwa akitibu mtu, lakini aliacha kanuni inayotumika hadi leo. Ukiunganisha mpira mfupi wa plastiki kwenye sindano na kuuinua wima, damu ya vena hupanda kidogo na kusimama, kisha hushuka mgonjwa avutapo pumzi. Damu ya ateri huendelea kupanda huku ikidunda. Kipimo hiki hakihitaji umeme. Tena ni bora kuliko kutazama rangi, kwa sababu kwa mgonjwa aliyepungukiwa oksijeni na shinikizo, damu ya ateri nayo hutoka polepole na ikiwa nyeusi.

Kwa binadamu historia huanza Ujerumani mwaka 1929. Werner Forssmann, daktari kijana katika hospitali ya mji wa Eberswalde, alitaka kupata njia ya kufikisha dawa moyoni haraka bila kuuchoma moyo wenyewe kwa sindano. Wakubwa wake walimkataza. Kwa masimulizi yake ya baadaye, alimlaza muuguzi Gerda Ditzen mezani kana kwamba jaribio lingefanywa kwake, kisha akajichana mwenyewe kiwiko cha kushoto na kuusukuma mrija wa sentimita 65 uliotengenezwa kwa ajili ya njia ya mkojo.

Wengi wanaosimulia kisa hiki husifia ujasiri wake. Kwangu mimi, jambo kubwa ni alichofanya baadaye. Forssmann alishuka ngazi kwenda chumba cha eksirei, mrija ukiwa mwilini, akatazama kwa kioo jinsi ncha ilivyokwenda, akausukuma mpaka ukafika upande wa kulia wa moyo, kisha akapiga picha. Bila picha hiyo, angekuwa mtu aliyejitia mpira mkononi na kudai umefika moyoni. Picha ndiyo iliyokigeuza kitendo chake kuwa ushahidi. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards, waliokuwa wameiendeleza njia hiyo New York.

Hatua mbili nyingine zilifuata. Mwaka 1952 mpasuaji Mfaransa Robert Aubaniac alieleza namna ya kuifikia vena iliyo chini ya mtulinga, ambayo hainywei kirahisi hata mgonjwa akiishiwa damu. Mwaka 1953 Msweden Sven-Ivar Seldinger akachapisha mbinu ya kuingiza sindano kwanza, kupitisha waya ndani yake, kutoa sindano, halafu kuuelekeza mrija juu ya waya. Mbinu hiyo ndiyo inayofundishwa hadi sasa. Kuingiza kukawa rahisi, na haja ya kuhakiki ikaongezeka, kwa kuwa walioingiza walikuwa wengi zaidi.

Wakati huohuo, ufukweni mwa Mweru

Katika kipindi kinachokaribiana na hicho watu wa Mweru nao walikuwa wakikaguliwa shingoni, ila kwa sababu nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea katika bonde la Luapula na pande zote za ziwa. Tangu mwaka 1803 daktari Thomas Winterbottom, aliyefanya kazi Sierra Leone, alikuwa ameeleza kwamba tezi za nyuma ya shingo huvimba kwa wenye maradhi ya usingizi. Miaka 100 baadaye, katika Kongo na nchi jirani, kupapasa shingo kukawa kipimo cha kwanza cha msafiri na mwanakijiji. Aliyeonekana ana tezi angeweza kuchomwa sindano, na majimaji ya tezi yakatazamwa kwa hadubini kutafuta vijidudu.

Kisayansi huo ulikuwa utaratibu wa busara: mkono hushuku, hadubini huthibitisha. Lakini kwa watu wa ziwani haukuja peke yake. Utawala wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini uliviondoa vijiji ufukweni na visiwani, Kilwa ikiwemo, na kuzuia uvuvi. Kwa watu wanaoishi kwa samaki, hilo lilikuwa sawa na kufungiwa ghala. Mwanahistoria wa Zambia, Mwelwa Musambachime, alichunguza madhara ya kijamii na kiuchumi ya malale katika Mweru na Luapula kati ya 1906 na 1922, na anastahili kusomwa na kila anayedhani kwamba historia ya tiba ni historia ya madaktari peke yao.

Musambachime huyohuyo aliandika pia juu ya uvumi wa banyama katika Rhodesia ya Kaskazini kati ya 1930 na 1964: watu walioaminiwa kwamba huwakamata wenzao na kuwanyonya damu kwa faida ya wageni. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka mumiani mara moja. Ni rahisi kuucheka uvumi huo. Lakini mtu aliyepapaswa shingo bila kuelezwa, akachomwa sindano bila kuulizwa, kisha akahamishwa kwao, alikuwa na sababu ya kumwogopa mwenye sindano. Kwa hiyo ninapozungumzia kuhakiki, sizungumzii picha ya eksirei tu. Mgonjwa kujua kinachofanywa shingoni mwake na sababu yake ni sehemu ya uhakiki, na katika eneo hili sehemu hiyo ilipuuzwa kwa miaka mingi.

Picha kama shahidi, na mipaka yake

Tangu Forssmann, eksirei ya kifua imebaki kuwa shahidi mkuu. Katika picha msomaji hutafuta mambo matatu: mrija unashuka kandokando ya mgongo upande wa kulia kama inavyotarajiwa, hakuna hewa iliyojaa nje ya pafu, na ncha imesimama mahali salama. Kwa mahali salama, madaktari hutumia alama inayoonekana kirahisi, yaani pale koo la hewa linapogawanyika kuwa njia mbili za mapafu. Watafiti waliopima miili ya marehemu walichapisha mwaka 2000 kwamba mgawanyiko huo kwa kawaida uko juu ya mfuko unaouzunguka moyo. Ncha ikiwa hapo au juu kidogo, hata ikitoboa vena, damu haitaujaza mfuko huo na kuukaba moyo.

Hata hivyo picha hufika baada ya tendo. Haizuii sindano kuingia kwenye ateri. Huonyesha tu baadaye kwamba mrija umekaa vibaya, na wakati mwingine haionyeshi hata hilo. Pia inahitaji mashine inayofanya kazi, umeme, mtaalamu wa picha na mtu wa kuisoma usiku uleule mgonjwa alipolazwa. Ndiyo maana zilitafutwa njia nyingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 ilijulikana kwamba ukisoma umeme wa moyo kupitia ncha ya mrija, mojawapo ya mawimbi hukua ncha inapokaribia chumba cha juu cha moyo. Baadaye ikaja ultrasaundi. Mwaka 2002 taasisi ya NICE ya Uingereza ilipendekeza itumike kuongoza sindano kwenye vena ya shingo. Kwa mashine hiyohiyo mhudumu huweza kutazama kama pafu bado linateleza kifuani, na kama maji ya chumvi yaliyosukumwa kwa kasi kupitia mrija yanatokeza viputo ndani ya moyo mara moja. Kwa maneno mengine, uhakiki ulitoka chumba cha eksirei ukarudi kitandani.

Kuna mgonjwa mwingine anayesahaulika: yule anayelazwa akiwa tayari na mrija uliowekwa hospitali nyingine. Safari ndefu ya gari huweza kuuvuta, na mgonjwa aliyegeuzwa mara kumi hafiki kama alivyoondoka. Cheti cha rufaa kinachosema "katheta ipo sawa" kinaeleza hali ya jana. Anayempokea anapaswa kusoma alama ya sentimita pale mrija unapoingia kwenye ngozi (kwa mtu mzima, shingo ya kulia, huwa karibu 15), kuvuta damu kutoka kila tawi la mrija, kuangalia tarehe na usafi wa bandeji, na kuomba picha mpya ikiwa kuna shaka. Nayo cheti cha rufaa kiandike namba hiyo ya sentimita, ili anayepokea awe na kitu cha kulinganisha.

Swali la pili: Detroit, Lusaka na Muheza

Katika miaka ya 1960 madaktari wengi walianza kuitumia katheta hiyo kupima shinikizo la vena kuu, wakiamini kwamba namba hiyo itawaambia ni kiasi gani cha maji mgonjwa anahitaji. Imani hiyo ilifikia kilele mwaka 2001. Emanuel Rivers na wenzake wa Hospitali ya Henry Ford, Detroit, walichapisha jaribio la wagonjwa 263 waliofika idara ya dharura wakiwa na sepsisi kali, yaani maambukizi yaliyovuruga mwili mzima. Kundi moja lilitibiwa kwa utaratibu wa saa 6 za mwanzo, ukiwa na katheta ya vena kuu na lengo la shinikizo la milimita 8 hadi 12 za zebaki. Vifo hospitalini vilikuwa asilimia 30.5 kwa kundi hilo na 46.5 kwa lile la matibabu ya kawaida. Ulimwengu ulisadiki, na kwa miaka kadhaa kumwekea mgonjwa mpya wa sepsisi mrija huo kukawa alama ya tiba bora.

Kisha majaribio makubwa matatu yakafuata mwaka 2014 na 2015, katika Marekani, Australia na nchi nyingine, na Uingereza. Hakuna lililoonyesha kwamba utaratibu huo unaokoa maisha zaidi ya matibabu ya kawaida ya wakati huo, ambayo tayari yalikuwa yamejifunza kuwahi dawa za viuavijasumu na maji.

Lakini jibu lenye uzito zaidi kwetu lilitoka Lusaka. Katika Hospitali ya Kufundishia ya Chuo Kikuu, Ben Andrews na wenzake walitaka kujua kama utaratibu wa saa 6 ungefaa pale ambapo katheta na mashine za kupumulia ni adimu. Hawakutumia katheta kupima shinikizo. Waliitazama vena ya shingo kwa macho. Jaribio la kwanza lilisimamishwa mapema kwa sababu ya vifo vya waliokuwa wakipumua kwa shida. La pili lilifanywa kati ya 2012 na 2013, likachapishwa mwaka 2017. Kati ya wagonjwa 106 waliotibiwa kwa utaratibu maalumu walifariki 51, yaani asilimia 48.1. Kati ya 103 waliopata matibabu ya kawaida walifariki 34, yaani asilimia 33.0. Wengi wao, karibu asilimia 90, walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Utaratibu uliosifiwa Detroit ulihusishwa na vifo zaidi Lusaka.

Kabla yake, mwaka 2011, jaribio la FEAST lilikuwa limetoa onyo linalofanana. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu walitibiwa Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwemo. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walifariki kwa asilimia 10.5 na 10.6 ndani ya saa 48, kulingana na aina ya maji. Ambao hawakumiminiwa, asilimia 7.3. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi sana Zambia, kwa hiyo watoto wa aina hiyo si wageni ufukweni mwa Mweru.

Kurudi shingoni

Mwaka 1930, mwaka mmoja baada ya Forssmann, Mwingereza Thomas Lewis alieleza namna ya kukadiria shinikizo la vena kwa kumlaza mgonjwa, kutazama jinsi vena ya shingo ilivyojaa, na kupima kimo chake kutoka kwenye mfupa wa kifua. Kipimo hicho hakina waya wala mrija. Kina udhaifu wake: shingo nene huficha vena, na watazamaji wawili huweza kutofautiana. Jaribio la Lusaka lilikitumia, na bado wagonjwa walifariki. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba jicho linashinda mrija. Ninachokiona ni kwamba namba ya shinikizo, iwe imetoka kwenye mrija au kwenye jicho, haikutosha kusema nani apewe maji mengi.

Mtu anaweza kunijibu kwamba hii ni hoja ya kuwaridhisha maskini na umaskini wao: wa Lusaka wapate katheta, wa Kilwa watazamwe shingo. Pingamizi hilo ni la haki na halipaswi kupuuzwa. Wapo wagonjwa wanaohitaji mrija huu kweli: wanaopewa dawa za kupandisha shinikizo kwa muda mrefu, wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo, wasio na mshipa mwingine wowote. Kwao, kukosa katheta ni kukosa haki. Lakini haki hiyo haitimii kwa kuletewa mrija bila njia ya kuuhakiki. Hospitali inayopokea boksi la katheta bila ultrasaundi, bila eksirei ya usiku na bila wauguzi wa kutosha kuitunza, imeletewa hatari na kuitwa maendeleo. Mtoto aliyeishiwa mishipa anaweza kusaidiwa kwa sindano ya mfupani, ambayo huthibitishwa kwa kusimama imara na kwa maji kupita bila kuvimbisha mguu, wakati mipango ya rufaa ikiendelea.

Kwa hiyo naona mpangilio wa maswali ubadilike. Vitabu huanza na namna ya kuingiza, halafu namna ya kuhakiki, na mwisho, kama nafasi ipo, nani anahitaji. Ufukweni mwa Mweru twende kinyume: nani anahitaji, tutahakiki kwa nini, ndipo nani ataingiza. Swali la katikati likikosa jibu, sindano isubiri.

Naandika haya kama mwanafunzi wa lugha na historia, wala simfundishi daktari kazi yake. Lakini neno kuhakiki ni letu pia. Tunahakiki kazi ya fasihi, tunahakiki chanzo cha habari, tunahakiki tarehe. Katika kazi zote hizo tunajua kwamba ushahidi wa mahali pengine haukubaliwi mpaka upimwe mahali petu. Watu wa Mweru walilipa gharama ya vipimo walivyofanyiwa bila kuulizwa, na wagonjwa wa Lusaka wametoa ushahidi uliobadilisha namna dunia inavyoutazama utaratibu wa Detroit. Deni letu kwao ni kuusoma ushahidi huo kabla mgonjwa mwingine hajalazwa.